Tulifunika Kichwa, Tukasahau Miguu

Uliyekosa gazeti la wiki jana usihangaike kuazima kwa jirani. Nakupakia kwa ufupi, kisha tunaondoka.

Mimi ni Brigitha, Mtanzania, mkazi wa Bredäng, kusini mwa Stockholm. Mwaka 2009 nilikuwa naendesha kitu tulichokiita Jiko: kicheni pati isiyo na bibi harusi. Tulikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa chini ya jengo letu, ukuta mmoja na chumba cha kufulia nguo. Wanawake wa Tanzania na Kongo, na wanaume wachache waliojua kusikiliza. Tulizungumza yale ambayo kanisani yanaombewa na nyumbani yananyamaziwa. Kondomu. Kipimo cha Ukimwi. Maumivu ya kitandani. Mwanamume anayempenda mwanamume, mwanamke anayempenda mwanamke.

Utaratibu niliutoa kwetu. Bibi harusi hukaa mkekani kafunikwa kanga, somo anamfunda. Nikabadilisha kidogo tu: mwenye swali ndiye mwali. Anakuja mapema, anafunikwa kabla wengine hawajaingia, hata mimi simjui. Naye haongei, maana Waswahili wa Stockholm tunajuana sauti kama watoto wa nyumba moja. Anamnong'oneza mtu tuliyemwita Mdomo. Mdomo anasema kwa sauti. Mimi najibu.

Mdomo alikuwa rafiki yangu Perpétue.

Jumamosi ile Mdomo aliinamia kanga, akainuka, akasema: "Mwali anasema hivi. Nampenda mwanamke mwenzangu. Tunaimba safu moja kanisani. Akishika kitabu cha nyimbo naangalia vidole vyake mpaka nasahau wimbo. Je, ninaumwa?"

Nikajibu mbele ya wote kwamba haumwi, hana pepo, na yeyote anayetaka kumwombea aanze kwa kuuombea ulimi wake mwenyewe.

Jumapili, Mchungaji Évode wa kanisa la kule Hjulsta akasimama madhabahuni akayarudia maneno yale yale. Mpaka vidole.

Mchana huo mlango wangu ukagongwa kwa kiganja, si kwa kidole. Hapo ndipo nilipowaacha.

Na wewe wa Morogoro uliyemwandikia mhariri kwamba nafundisha uchafu, nimekusoma. Jina lako nimelihifadhi. Mimi huwa situpi majina.

Nikafungua.

Alikuwa Emérithe, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya ya Évode, mwanamke wa Bukavu, mrefu, msafi, kilemba kimekaa kama kimepigwa pasi kichwani. Nyuma yake wamama wawili wa kanisa. Na miguuni pake mifuko miwili mikubwa, ile myeusi ya takataka.

"Mama Brigitha, nimekuletea mutoto yako."

"Mtoto wangu yupi?"

Akasogea pembeni. Kwenye lifti alisimama Gaëlle, binti yake, koti limefungwa mpaka kidevuni, macho mekundu. Binti wa miaka ishirini au hapo hapo, mcheza mpira, mpole kuliko mama yake.

"Weye njo ulimufundisha," Emérithe akasema; njo ya Bukavu ni ndiye yetu. "Weye njo utamulisha."

"Emérithe, kaa kwanza. Ingieni ndani."

"Siingii! Kanisa yote wanajua ni yeye alikuwa chini ya kanga. Bamama baliona soksi. Soksi za kijani za mupira! Miye mwenyewe nilimununulia!"

Mmoja wa wale wamama akaitikia, "Tuliona, kweli tuliona," kwa furaha ya mtu aliyeshinda mashindano.

Nikavitazama viatu vyangu pale mlangoni. Sweden nzima watu huvua viatu mlangoni. Sisi nasi tulivua, tukajipanga vizuri kwenye mkeka, tukamfunika mwali kanga mbili, na chini, mbele ya macho ya wote, miguu yake ikakaa wazi kama tangazo. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya mwali, sikuiona. Wao walikaa mbele.

Tulifunika kichwa, tukasahau miguu.

"Emérithe, mtoto akiuliza swali hatupwi kwenye mfuko wa takataka."

"Mais tu comprends rien, huelewi kitu, wewe! Wewe huna kanisa. Wewe huna jina ya kulinda."

"Ninalo jina. Ndilo uliloligongea mlango."

Aligeuka, kilemba mbele, wamama nyuma. Kwenye ngazi nikamsikia anajikwaa. Emérithe, mwanamke anayepanda ngazi na viatu virefu na sufuria la wali mkononi!

Jambo moja lilinipita wakati ule, nikalikumbuka baadaye nikaona lilikuwa limekaa wazi mbele yangu. Hakumuuliza binti yake kama ni kweli. Hata mara moja.

*

Nikamkalisha Gaëlle jikoni, nikabandika chai. Huku nampigia Perpétue. Simu inaita mpaka inakata. Nikapiga tena. Vile vile.

Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: nani kapeleka maneno kwa Évode? Katika watu waliokuwepo nilikuwa na majina matatu. Perpétue hakuwemo. Ningewezaje kumweka? Huyu ndiye alikuwa wa kwanza kuniambia, "Yaya, wewe jibu, miye nitabeba maswali." Yaya kwao Kongo ni dada mkubwa. Na huyu, wakati mdogo wangu Method anakufa mwaka 1997, wakati Watanzania wenzangu wa mji huu walikuwa wanamsalimia kutoka mlangoni na kusema ana kifua, Perpétue, mkimbizi mgeni aliyekuja mwaka mmoja kabla, aliingia akaketi kitandani akanywa chai kwenye kikombe cha Method. Kikombe kile kile. Nikamwona kwa macho yangu.

Wale wa mlangoni nawakumbuka wote. Wengine leo ni wazee wa kanisa.

"Sikiliza mwanangu," nikamwambia Gaëlle. "Nyumba hii ni yako. Na moyo wako hauna kosa. Mwanamke unayempenda, mlete hata kesho, nitampikia. Sheria ya nchi hii tangu mwezi wa tano inaruhusu hata ndoa. Évode apende asipende."

Akanitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

"Men alltså, moster," akasema. Kwa Kiswidi ni kama lakini jamani, na moster ni mama mdogo. Ndivyo alivyoniita tangu mdogo. "Mwanamke gani?"

"Yule wa kwaya. Wa vidole."

"Mimi siimbi kwaya."

Nikaweka birika chini.

"Moster, mimi nina mvulana. Anakaa Farsta. Tena mjinga." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mimi sikuuliza hayo. Nilimnong'oneza tante Perpétue kwamba kondomu ilipasuka, nataka kupima Ukimwi na mengine yote, lakini naogopa wakipiga simu nyumbani. Ni hilo tu. Halafu nikasikia anasema... vitu vya vidole. Nikafikiri labda kuna mwali mwingine."

"Chini ya kanga yako?"

"Kulikuwa na giza, moster!"

"Kwa nini hukusema pale pale? Kwa nini hukuvua?"

Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Mwali haongei. Wewe ndiye uliyeweka sheria."

Binti alikuja na hofu ya mwili wake, akakaa kitako mkekani kwangu, akainuka na dhambi ya mtu mwingine kichwani. Na swali lake tangu Jumamosi halijajibiwa na mtu yeyote. Mimi, Brigitha wa Jiko, ninayegombana na mji mzima kuhusu ukimya!

Basi nikalijibu. Nikamwambia kliniki ya vijana haimpigii mtu simu nyumbani, ni siri yake na muuguzi. Kwamba kipimo cha Ukimwi kikifanywa mapema mno huwa hakioni kitu, kwa hiyo watampima kisha watamrudisha tena baadaye, na asikwepe ile mara ya pili. Kwamba leo ugonjwa huo una dawa, watu wanazeeka nao, na mdogo wangu aliuawa na ugonjwa kidogo, na aibu ya watu sana. Kesho yake asubuhi nikamsindikiza. Nikakaa chumba cha kusubiri na mkoba wake mapajani.

"Uliogopa?" nikamuuliza alipotoka.

"Yule dada aliniuliza kila kitu, wazi wazi, kama anauliza nakula nini asubuhi." Akavaa kofia. "Nilijua nitajibu nini. Nimekusikia Jikoni."

Nilitembea nikiwa na hilo moja la kushukuru. Mengine yote yalikuwa yanachemka.

*

Mtu wa Stockholm anaweza kumkimbia rafiki, mume, hata polisi. Zamu yake ya kufua hawezi kuikimbia. Kila mpangaji ana kikufuli chake cha kupachika kwenye ubao, na ukiikosa zamu yako utafulia kwenye beseni mpaka mwezi uishe. Perpétue alikaa jengo langu, ghorofa ya chini yangu. Kikufuli chake kilikuwa Jumatatu mchana.

Nikamkuta. Amenipa mgongo, anakunja majoho ya kwaya, ya zambarau, yenye ukosi mweupe. Chumba kimejaa mvuke na harufu ya sabuni.

"Simu yako imekufa?" nikauliza.

Mabega yakapanda. "Yaya. Nilikuwa nakuja kwako."

"Ngazi ni zile zile. Gaëlle ananiambia aliuliza kuhusu kipimo."

Akaendelea kukunja.

"Peri. Mwali aliuliza kuhusu kipimo. Mdomo alisema kuhusu vidole. Vidole vya nani?"

"Labda sikusikia vizuri. Mashine zilikuwa zinapiga kelele."

"Usinifanye mtoto."

Joho likamponyoka. Hakuliokota. Akaketi kwenye kikapu cha nguo, mwanamke mzima, magoti juu.

"Miaka yote hii nabeba maswali ya watu," akasema. "Ya kuwashwa, ya mimba, ya waume. Nayabeba mdomoni mwangu, yaya, na ladha yake inabaki. Miye nilikuwa na swali moja. Moja tu. Nani angekuwa Mdomo wa Mdomo?"

"Ungeniuliza mimi."

"Nikuulize nikikutazama usoni? Ungefanya hotuba."

Likanichoma, kwa sababu kweli ningefanya.

"Ile siku nikainama," akaendelea. "Mutoto akaniambia yake. Nikainuka kusema yake. Nikafungua mdomo, yangu njo ikatoka. Sikupanga, naapa. Na wewe ukanijibu kwamba siumwi. Mbele ya watu wote! Nilienda nyumbani nikalala kama mutoto."

Nikawa karibu kumshika mkono. Ndiyo, nakiri kwenu. Hasira ilikuwa imeanza kupoa. Mwanamke kabeba mzigo, kautua mahali pasipo pake, inasameheka.

"Na Évode nani alimpelekea?"

"Si miye. Walimpelekea wengine, wale wale unaowajua. Lakini..." Akaangalia mashine inayozunguka. "Aliniita Jumapili kabla ya ibada. Akasema, Mama Perpétue, wewe njo Mdomo, wewe unajua. Nani alikuwa chini ya kanga?"

"Ukasema hujui."

Akalitazama joho pale sakafuni.

"Peri. Ukasema hujui."

"Alikuwa anasema majina ya kwaya, yaya. Moja moja, ya safu yetu. Ananitazama kila jina. Alikuwa anakaribia la kwangu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema Gaëlle."

Mashine ikamaliza kuzunguka, ikalia ule mlio wake wa kuita mwenye nguo. Hakuna aliyeinuka.

Nimesalitiwa mimi. Na mume, aliyenileta nchi hii akaniacha nayo. Na chama, kilichonipa kipaza sauti siku ya maandamano kikaninyima kiti siku ya kikao. Lakini nilijua waliponigeukia kwamba walikuwa watu wa kugeuka. Huyu kila nikimtazama niliuona uso wa Method.

"Ulikunywa kikombe kimoja na mdogo wangu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, sikuitambua.

"Method alikuwa anakufa. Kwa mtu anayekufa nilikuwa na moyo." Akafuta macho kwa ukosi wa joho. "Hawa wanaoishi njo wananishinda."

"Utakuja Jumamosi. Utakaa mbele ya watu, utasema Gaëlle hakuuliza lile."

"Wataniuliza basi ni nani."

"Utasema ni wewe."

"Na wakiniuliza ni mwanamke gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu niliyopaswa kuipiga tangu mwanzo. Safu moja. Sauti ya pili. Kitabu cha nyimbo. Nani anayemshikia Perpétue kitabu cha nyimbo, kwa sababu Perpétue haoni karibu na miwani anaiona kama ubishoo?

"Mungu wangu," nikasema. "Emérithe."

Akaliokota joho lile lililoanguka, akalipiga vumbi. Kwenye ukosi, kwa ndani, lilikuwa limeshonwa jina kwa uzi mwekundu. Halikuwa joho lake.

"Naye anajua?"

"Maneno ya vidole nilishamwambia yeye mwenyewe, kwenye basi ya safari ya kwaya kule Uppsala. Hakunijibu. Lakini hakuhama kiti." Akalikunja joho taratibu, mikono ndani, ukosi juu. "Jumamosi alikuwa Jikoni, yaya. Alikaa mbele kabisa. Niliposema vidole alinitazama miye, si kanga."

Emérithe alijua.

Alijua maneno ni ya nani. Alijua yanamhusu nani. Akapanda ngazi zangu na mifuko myeusi, akamtupa mtoto wake wa kumzaa mlangoni kwangu, ili macho ya kanisa yafuate soksi za kijani yasifuate vidole vyake.

Nikatoka bila kuaga. Mlangoni Perpétue akaniita, "Yaya, mlango wa Jiko, ufunguo wangu nikurudishie?"

"Kaa nao," nikamwambia. "Uufungulie moyo wako."

Maneno ya hasira. Ufunguo ule mtausikia tena.

*

Jioni akaja Juvénal, ametoka zamu, bado amevaa sare. Juvénal ni Mrundi, dereva wa treni za chini ya ardhi, njia nyekundu. Anampenda mwanamume mwenzake, Mswidi mmoja mnene anayefuga nyuki. Alikuwa mpiga kinanda wa Évode mpaka mtu mmoja alipolitaja jina lake kwenye maombi ya mkesha, na kesho yake kinanda kikawa na mpigaji mwingine. Siku za Jiko alikaa karibu na mlango, anamenya viazi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu.

Gaëlle alikuwa kwa rafiki zake wa mpira. Nikamweleza Juvénal yote, nikipiga meza.

"Na Jumamosi nitayasema," nikamaliza. "Perpétue. Emérithe. Basi, kila mmoja na jina lake. Évode kashatangaza atakuja na wazee. Anataka Gaëlle apige magoti kanisani atubu. Sawa, aje. Atasikia mwanakwaya wake bora ni nani."

Juvénal akaweka kikombe chini.

"Ukifanya hivyo, dada, mimi sirudi."

"Wewe? Wewe waliyekutoa kwenye kinanda?"

"Mimi waliyenitoa kwenye kinanda. Unajua nilisikiaje jina langu likitajwa? Nilikuwa nimefumba macho naomba. Nikasikia jina, nikaitika amina, nikadhani naombewa safari." Akacheka, kisha hakucheka. "Jina la mtu si fimbo ya kumpigia mwingine. Wewe ulinifundisha hayo. Mlangoni kwa Jiko umeyaandika kwa kalamu nene!"

"Na Gaëlle je? Anapoteza mama!"

"Gaëlle aseme yake mwenyewe, kwamba hakuuliza hilo."

"Hawatamwamini. Soksi zimeshaamua."

"Najua."

"Basi unataka nifanye nini, Juvénal? Nikinyamaza, ninamchinja mtoto. Nikisema, ninawachinja wawili, na Jiko juu yao."

Akafungua kifungo cha sare, akakifunga.

"Kwanza," akasema, "nunua shuka kubwa."

Nikamtupia taulo. Lakini nililinunua.

*

Jumamosi mvua ilikuwa ya ubavu. Nikashuka mapema na shuka langu la maua, la kitanda cha watu wawili, nikakuta mlango wa Jiko umeshafunguliwa.

Taa imewashwa. Na mkekani, mahali pa mwali, tayari mtu amekaa.

Amefunikwa kanga zetu mbili, zile ambazo maandishi yake sabuni za Kiswidi zilishayala. Miguu imekunjwa chini, haionekani. Ufunguo mwingine wa ukumbi alikuwa nao mtu mmoja tu.

Amekuja. Perpétue amekuja, atasema mwenyewe, sitalazimika kumtaja mtu. Nikatamani kumkumbatia na kumzaba kofi. Sikufanya hata kimoja, maana mwali hasemeshwi kabla ya wakati. Nikalitandaza shuka juu ya kanga, kutoka kichwani mpaka sakafuni, nikachomekea pembeni. Hata kidole hakikuonekana.

Watu wakaanza kuingia. Wakavua viatu. Kila aliyeingia alitazama kwanza chini kwenye mkeka, kutafuta soksi, akakuta maua.

Évode akaja na wazee wake na wamama wa kwaya. Akavua viatu naye, soksi yake ya kulia ina tundu la kidole gumba. Juvénal alilitazama tundu lile kwa upendo mkubwa sana, nikamkanyaga.

Gaëlle akakaa karibu na mlango, kakumbatia chupa ya chai.

"Mama Emérithe yuko wapi?" Évode akawauliza wamama. "Alipaswa kuwa hapa, jambo ni la mtoto wake."

"Alisema anatangulia, Mchungaji."

"Basi tusimngoje." Akanigeukia. Sauti yake ni nzuri, siwezi kumnyima. "Mama Brigitha, mimi sikuja kugombana. Nyie hapa mna siri zenu. Lakini kondoo ni wangu. Kama binti huyu siye aliyesema maneno yale, kama anavyodai, basi kuna mwingine. Mtaje. Usipomtaja, ni yeye, na kesho atapiga magoti mbele ya kanisa, au asimwite tena mama yake mama."

"Jag har inte gjort nåt," Gaëlle akasema. Akarudia kwa Kiswahili, "Sijafanya kitu."

"Mtaje, Mama Brigitha."

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na majina mawili ulimini, yamesimama kama watu kwenye mlango wa treni. Nikamtazama Juvénal. Akatazama viazi vyake.

Nikafungua mdomo.

Mlango ukafunguliwa kabla yangu. Upepo wa mvua ukaingia, na nyuma ya upepo, bila kofia, nywele zinachuruzika, akaingia Perpétue.

Perpétue. Kwa miguu yake miwili. Kwenye mlango.

Nikamtazama yeye, nikatazama mkeka, nikamtazama yeye tena. Naye alikuwa analitazama lile shuka la maua, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyempa mwenzake ufunguo bila kuuliza wa nini.

"Mdomo amefika," mtu akanong'ona. "Kaa mahali pako, Mama Perpétue, muulize mwali tumalize."

Perpétue hakusogea.

Chini ya shuka mtu akavuta pumzi, ndefu, kutoka tumboni, kama wanavyofundishwa waimbaji.

"Leo sitaki Mdomo," shuka likasema. "Nitasema miye mwenyewe."

Sauti ya pili. Ile nzito, safi, inayojulikana kuanzia Hjulsta mpaka Farsta. Mmoja wa wamama wa kwaya akajishika kifua. Évode akarudi nyuma hatua moja, tundu lake na yeye.

Gaëlle akasimama. Chupa ya chai ikamtoka, ikaviringika mpaka ukutani.

"Mamma?"

Shuka halikugeuka. Sikujua, na hakuna aliyejua pale ndani, kama amekuja kumwokoa binti yake au kumzika Perpétue, au kunizika mimi na Jiko langu lote kwa siku moja.

Lakini chini ya maua, pale nilipochomekea vizuri kwa mikono yangu, kitambaa kikaanza kuinuka. Ukatoka mguu mmoja. Kisha wa pili. Haina soksi. Akainyoosha yote miwili mbele ya watu, makusudi, akaiacha hapo itazamwe.